Wimbo wa Saba na Mashine ya Mama Kavira

Vijana wa Butembo, pamoja na ninyi mliopanda kutoka Beni mkiwa mmevaa fulana nyeusi kwenye jua la saa nane, asanteni kwa kuja kwenye onyesho letu kule Rughenda. Nawashukuru hata wale waliokuja wakidhani ni mkutano wa maombi. Walipogundua kosa lao walibaki, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo kundi letu la Kaburi Wazi limewahi kupata.

Lakini tulipomaliza wimbo wa saba, mlipiga kelele turudie, tena kwa kasi zaidi. Kambale, mpiga ngoma wetu, akaweka vijiti chini na kusema maneno mawili ambayo hamkuyasikia kwa sababu mlikuwa mnamzomea. Kisha kijana mmoja akanifuata mlangoni na kuniambia kwa heshima zote: "Papa, muzee yenu amechoka. Mwaka kesho tutamuletea kiti ya kulala."

Nakujibu wewe kijana wa kiti. Jibu langu ni refu, maana nilisoma chuo kikuu.

Mimi ndiye niliyepiga besi. Wenzangu waliniita Prof kwa kuwa nilikuwa nimesoma uchumi miaka miwili kabla vita haijafunga madarasa, na kwa kuwa kila kundi linahitaji mtu mmoja wa kuchekwa. Gitaa na sauti vilikuwa vya Muhindo. Ngoma zilikuwa za Kambale. Tulikuwa watatu tu, na Butembo nzima iliona hao ni wengi mno.

Muziki wenyewe, yaani thrash metal, roki ya mbio na kelele, uliingia mjini ndani ya boksi la kaseti ambalo mjomba wake Muhindo alilileta kutoka Dubai. Mjomba alikuwa shemasi. Kaseti moja ilikuwa na picha ya msalaba kwenye jalada, basi akaitoa zawadi kwa kwaya ya vijana. Kiongozi wa kwaya alisikiliza kwa muda wa kukohoa mara mbili, akaichomoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya kwenye sufuria, akauliza nani atakwenda kuitupa. Muhindo alijitolea. Hakuwahi kujitolea kwa lolote kabla ya hapo, na mtu mwenye akili angeshtuka.

Jina tulilichagua wakati wa amani, wakati neno kaburi lilikuwa pambo tu, kama mnavyovaa mafuvu kifuani leo. Miaka miwili baadaye vita ilikuwa imefika na jina letu lilikuwa aibu mjini. Lakini Muhindo alikuwa ameshalichora kwenye ngoma kwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haikupatikana tena.

Mnaniuliza vifaa tulitoa wapi, na ninyi mna duka zima ndani ya simu zenu. Nyuzi za besi zilikuwa waya wa breki za baiskeli. Zinafaa, ila vidole vyako vitanuka grisi mpaka siku ya ndoa yako. Vijiti vya ngoma tulichonga kwa mti wa mkahawa uliokufa. Mikahawa ilikuwa ikikauka kwa ugonjwa kila shamba, wakulima wanalia, na sisi tunapita nyuma yao kuchagua matawi yaliyonyooka. Ule mkwaruzo wa gitaa, ambao leo mnaupata kwa kubonyeza kidude, Muhindo aliupata kwa kupasua karatasi ya spika kwa wembe. Spika ilikuwa ya redio ya shemeji yake. Kuanzia siku hiyo shemeji alisikiliza habari za vita kwa sauti iliyolingana nazo.

Umeme sasa. Umeme haukuwepo. Ulikuwepo kwa Mama Kavira.

Mama Kavira alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya ya akina mama wa kanisa letu la Kiprotestanti, na mwenye mashine ya kusaga kwenye barabara inayoelekea Musienene. Mashine ilikuwa na injini moja ya mazutu, yaani dizeli, yenye pistoni moja tu, iliyokohoa tak, tak, tak, tangu asubuhi mpaka jioni. Kwenye mkanda wake tulifunga alternata, ile dinamo ya pikapu iliyokufa, tukachaji betri, tukapata umeme wa kutosha kuudhi watu. Alitupatia kona nyuma ya magunia kwa masharti matatu: tusipige Jumapili, tusivue mashati, tufagie unga.

Wasikilizaji wetu wa kwanza walikuwa akina mama wanaongoja zamu ya kusagiwa. Hakuna wachambuzi wakali kama hao. "Batoto hawa bana shida gani?" aliuliza mmoja. Mama Kavira akajibu bila kuinua kichwa: "Hapana shida. Ni shule ilifungwa."

Kwenye injini kulikuwa na kile chuma cha kuongeza mazutu. Ukikisukuma, injini inakwenda mbio, ukikirudisha, inapoa. Mama Kavira peke yake ndiye aliyekigusa. Mimi, kama msomi, nilichora kwa msumari alama tano kwenye bati lililokuwa kando yake, nikaanza kuandika daftari. Nyimbo zetu hazikuwa na majina kwa sababu hatukuwahi kupatana juu ya jina lolote baada ya lile la kundi. Niliandika namba ya wimbo, alama ya chuma, na idadi ya magunia yaliyokuwa yakingoja, maana niliona kwamba foleni ikiwa ndefu mama anasukuma chuma. Mbili: alama 3, magunia 12. Nne: alama 2, magunia 5. Chuo kikuu kinafundisha hasa jambo hilo, kutengeneza jedwali mahali ambapo hakuna aliyeliomba.

Wimbo wa saba ulitushinda kwa majuma mengi. Ulikuwa kama mtu anayesimama kwenye kila jiwe. Halafu asubuhi moja tulikuta uwanja wa mashine umejaa watu tusiowafahamu. Walikuwa na magunia arobaini, niliyahesabu. Walikuwa pia na magodoro, masufuria, mbuzi na watoto mgongoni, na walikuwa wameyapanga magodoro yale mpaka ndani ya kona yetu. Tulikasirika. Kila mwanamuziki anajua godoro linameza sauti. Muhindo akawaambia bila aibu: "Tunaomba mutoe magodoro. Iko mazoezi hapa." Wakayatoa. Mama Kavira alitutazama kwa muda, akafunga kitenge chake vizuri, akasukuma chuma mpaka kikagonga mwisho. Injini ikapiga kelele ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Na wimbo wa saba ukatoka mzima, wote, bila kosa, kama uliokuwa unangoja tu kuitwa hivyo.

Niliandika: Saba: alama 5, magunia 40. Safi kabisa.

Lile neno "safi kabisa" mliweke akilini. Mimi nimeliweka kwa zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya miezi michache tukapata onyesho letu la kwanza la kweli, kwenye ukumbi wa baa moja ya Bungulu, kule Beni. Mwenye baa alikuwa amesikia kwamba tunapiga haraka, akadhani atauza bia haraka. Tulipanda juu ya lori lililobeba viazi. Lori lilikuwa na silinda moja mgonjwa, na dereva alituomba radhi kwa ajili yake njia nzima, kama mtu anayesafiri na mzazi anayekoroma.

Katikati ya njia kulikuwa na kizuizi. Wakati ule watawala walibadilika kabla hujakariri vyeo vya waliotangulia, na hawa wa kizuizi walikuwa wapya. Kamanda alikuwa mtu wa jimbo jingine. Nadhani alikuwa mwalimu kabla ya kupewa bunduki, kwa sababu askari walipomletea daftari langu alivaa miwani, akalamba kidole na kulifungua kama anayesahihisha.

"Kaburi wazi," akasoma juu ya jalada. "Kaburi ya nani?"

"Ya batu bote, chef," alisema Muhindo, akidhani anasaidia.

Kamanda akafungua ndani. "Saba. Alama tano. Magunia makumi ine. Safi kabisa." Akatutazama juu ya miwani. "Magunia ya nini?"

"Ya mahindi, chef."

"Na alama?"

"Ya moulin ya kusaga, chef."

"Donc, ninyi ni banamuziki, na mu kitabu ya muziki munaandika mahindi."

Hapo kwa mara ya kwanza niliuona utaratibu wangu kwa macho ya mtu mwingine. Namba, alama, magunia, na mwisho wake furaha. Hata mimi ningejikamata kwa upelelezi.

"Kitabu ni ya nani?"

Vijana, nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilikuwa bado nautengeneza utangulizi kichwani, nikiwa nimekauka kama samaki wa chumvi, niliposikia Kambale anasema: "Ya miye."

Kambale alikuwa mtu wa kuandika hata jina lake kama anayepasua kuni. Kamanda alitazama zile herufi zangu zilizolala upande mmoja kwa adabu, akatazama mikono ya Kambale, na nadhani alijua. Lakini alihitaji mtu mmoja tu. Askari wakamvua Kambale viatu na mkanda, wakamketisha chini kando ya kibanda. Sisi wote tuliokuwa tukipita njia ile tulijua maana ya kuvuliwa viatu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na viatu vingine, na hakuna aliyekuwa amevirudia. Mimi nilibaki na vyangu miguuni. Vilikuwa vizuri, vya ngozi.

Kamanda akafunga daftari. "Kama hii saba ni muziki, muipige. Sasa. Kama hapana muziki, ninyi wawili mutaenda na viazi yenu, huyu anabakia."

Tukashusha ngoma kutoka juu ya viazi. Kambale akaketi nyuma yake, miguu mitupu kwenye vumbi. Hatukuwa na umeme, kwa hiyo gitaa lilisikika kama nzi na besi yangu haikusikika kabisa, jambo ambalo wenzangu walikuwa wameliomba miaka yote. Muhindo akahesabu. Tukaanza.

Tulianza watatu, kila mmoja safari yake. Muhindo alikuwa ameshafika kwenye kiitikio wakati mimi natafuta mlango. Kambale alipiga mara nne akasimama, akainamisha kichwa kama mtu anayengoja mwenzake kwenye njia panda. Tukaanza upya. Ikawa mbaya zaidi. Askari walicheka, kisha wakaacha kucheka, na kule kuacha ndiko kulikoniogopesha.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu, na nadhani hakuna kundi jingine duniani limewahi kulifanya. Miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika mwendo. Mwendo ulishikwa na injini ya Mama Kavira. Sisi tuliupanda tu, kama tulivyolipanda lori. Nje ya uwanja wa mashine ile hatukuwa kundi. Tulikuwa watu watatu wenye vyombo.

Kamanda akavua miwani. Walimu huvua miwani wanapotaka kukuangusha.

"Chef," alisema Kambale, "naomba bawashe camion."

"Unataka kukimbia na camion?"

"Hapana, chef. Miye nabakia hapa hapa. Bawashe tu."

Dereva akaruka. "Na mazutu? Hii mazutu ni ya kufika Beni, si ya kuchezea." Kamanda alimtazama, na dereva akakumbuka kwamba mazutu yapo ya kutosha.

Injini ya lori ikawaka. Silinda tano zenye afya zilivuma, na yule mgonjwa akakosa zamu yake, akakosa tena, akakosa tena. Pale alipokosa palikuwa na pengo, na pengo lile lilikuwa linapiga. Kambale akainua mkono. "Ongeza," akamwambia dereva. "Ongeza tena. Bado. Tena. Hapo. Hapana toa muguu."

Akafumba macho, akaanza, na sisi tukaingia nyuma yake kama watoto wanaoingia nyumbani.

Sijawahi kupiga vizuri kama siku ile na sijawahi kusikika kidogo hivyo. Muhindo aliimba mpaka mshipa wa shingo ukawa kama kamba ya mbuzi. Lori lilitetemeka, viazi vikawa vinaanguka kimoja kimoja, na askari mmoja akavikusanya bila kuondoa macho kwa Kambale. Tulipomaliza dereva alisahau kutoa mguu, injini ikaendelea kulia peke yake.

Askari mmoja mzee ndiye aliyesema kwanza. "Chef, mupelelezi anatembeaka kimya. Hawa, adui atabasikia toka Uganda."

Kamanda alifikiri. "Hii kitu ni mbaya," akasema. "Lakini ni muziki." Akamgeukia Kambale. "Vaa viatu yako." Nikanyoosha mkono nipokee daftari, kwa ujasiri ambao ulikuwa umechelewa saa nzima. Akaliweka chini ya kwapa. "Kitabu inabakia. Mwandiko ni muzuri."

Nimeandika makala nyingi tangu siku ile, na hakuna mwenye mamlaka mwingine aliyewahi kuyasifu maandishi yangu.

Juu ya lori nilisubiri mpaka kizuizi kikapotea nyuma yetu. "Kambale," nikasema, "ile kitabu..."

"Prof, acha. Wewe ungeanza kueleza. Tungekuwa tungali pale mupaka leo."

Hajalitaja tena. Mimi pia sijalitaja mpaka ukurasa huu, na sasa mnajua thamani ya mtu mnayemletea kiti.

Kule Bungulu tulipiga nyimbo tatu mbele ya watu kumi na mmoja, wengi wao wakingoja mvua iishe. Muhindo alikutana pale na msichana asiyependa muziki wetu, akamuoa, akabaki Beni akiuza mbao. Vita ilihama na kurudi, njia ikafungwa, na Kaburi Wazi likafungwa nayo. Hakuna aliyetuaga, nasi hatukumuaga mtu.

Kisha, miaka zaidi ya ishirini baadaye, vijana wenzenu waliokuta kaseti mbili tulizorekodi zamani kwenye mashine wakatuomba turudi. Tukakutana kwenye ukumbi safi wenye umeme usiokohoa. Fundi wa sauti, kijana mpole, akaweka simu mezani. "Bazee, hii itawahesabia. Mutaje tu kasi." Kwenye wimbo wa saba tulitaja kasi tatu. Ya Muhindo ilikuwa kasi ya magoti yake. Yangu ilikuwa ya haraka kuliko tulivyowahi kupiga maishani, maana nimekuwa mwandishi. Tukabishana siku mbili. Daftari ambalo lingetuamua lilikuwa limebaki chini ya kwapa la kamanda.

"Twende kwa Mama Kavira," alisema Kambale.

Mashine yake siku hizi ni ya mota ya umeme. Binti yake anabonyeza kitufe, nayo inanong'ona tu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharage kwenye beseni. Alitutazama mmoja mmoja.

"Batoto ya kelele," akasema. "Mumezeeka vibaya."

Tukaketi. Nikamwuliza kwa heshima kama anakumbuka alama tano ilikuwa inakwenda kwa mwendo gani.

"Alama tano ilikuwa siku moja tu."

"Siku moja, mama?"

"Unafikiri ile mashine ilikuwa ya kuchezea? Alama tano mukanda unakatika, unakata mutu shingo. Siku moja tu. Bale batu ya magodoro." Akatupa harage bovu. "Balitoka ku milima. Vita ilikuwa nyuma yabo. Mahindi utaipika na nini mu pori? Ukiwasha moto, moshi inakuonyesha. Lakini unga, unatia mu maji, unapatia mutoto, unaendelea. Bakaniambia, mama, saa sita askari batakuwa bamefika hapa. Nikaangalia magunia. Nikasukuma."

Nilikuwa nikiona mwandiko wangu mzuri: magunia 40. Safi kabisa.

"Na siye tukasema batoe magodoro," alisema Muhindo polepole.

"Mulisema. Bakatoa." Hakuwa na hasira, alikuwa anathibitisha tu. "Nikawaacha mupige. Batoto mgongoni balikuwa banalia sana, na kelele yenu ilikuwa kubwa kuliko yabo. Bakanyamaza, banawaangalia."

Kambale ndiye aliyeuliza. "Mama, bote balipata unga?"

"Bote. Magunia iliisha, nikazima. Bakaenda."

Akamwaga maharage kwenye kitenge, akageuza beseni, na kwa kiganja cha mkono akaanza kulipiga. Tak, tak, tak, tak. Kambale alisogeza kiti karibu, akaweka mkono wake juu ya goti na kumfuata, na wakakaa hivyo kwa muda mrefu, bibi mmoja na mzee mmoja wakipiga beseni na goti, mpaka binti akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo siku ya Rughenda fundi wa sauti alizima simu yake. Mama Kavira alikuwa kiti cha mbele, yule mwenye kitenge cha kwaya na vidole masikioni. Wimbo wa saba mliousikia ulikuwa kwenye kasi yake, si haraka zaidi wala polepole zaidi. Mlipoanza kudai turudie, Kambale alimtazama kwanza. Mama akatoa vidole masikioni, akatikisa kichwa. Naye Kambale akaweka vijiti chini, na maneno mawili ambayo hamkuyasikia ni haya:

"Magunia iliisha."